Baba Aliposema, "Twende Tukaulize"

Nakuandikia wewe uliye chuoni, unayeogopa kupokea simu ya nyumbani. Nimepita huko. Mungu amenivusha, na natoa ushuhuda huu ili nawe upate nguvu.

Kwetu ni pande za Nzaui, Makueni. Wazazi wangu hawakufika sekondari. Walinisomesha kwa maembe, ndengu na mbuzi, na karo ilipopungua kanisa letu lilichanga. Matokeo ya KCSE yalipokaribia, Baba aliwaambia jamaa wote kwamba nitakuwa muuguzi. Alama hazikutosha. Nikapangiwa shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kule Kwa Vonza, Kitui. Baba alinyamaza kutwa nzima. Jioni akasema, "Tumekusomesha utoke kwenye jembe, nawe unarudishwa kwenye jembe."

Nilikwenda Kitui na maneno hayo. Wahadhiri walipotueleza kazi za mtu wa kilimo, wenzangu waliuliza maswali. Mimi nilikaa kimya. Ningeulizaje habari za kazi inayomwaibisha mzazi wangu?

Halafu mvua zikakosekana. Tangu mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha, hata vuli ambayo sisi Ukambani ndiyo tegemeo letu. Mbuzi waliokonda wakauzwa kwa bei ya hasara, nisome. Nao muda wa kutafuta nafasi ya mafunzo kazini ukafika. Sikuandika barua hata moja.

Usiku silali. Asubuhi siamki. Chakula hakipiti. Simu inalia, ni Mwaitu, mama yangu. Naitazama mpaka inyamaze. Nitamwambia nini? Kwamba mbuzi wameisha, na bado sijui nitakuwa nani? Niliomba. Maneno yakaisha. Nikabaki kulia tu. Usiku mmoja nikawaza kwamba nyumbani wangepumua kama nisingekuwepo. Wazo lile liliniogopesha. Hata leo naliogopa. Nikamwamsha mwenzangu wa chumbani. Akakaa nami mpaka kukacha, kisha akampigia Mwaitu.

Mwaitu alifika siku hiyo hiyo, akibadilisha matatu Machakos. Hakunigombeza. Alinishika mikono, akaomba, tukaenda pamoja kwa mshauri wa wanafunzi. Baadaye akanipeleka nyumbani. Nilimweleza Baba yote, sikumficha hata lile wazo. Alikaa kimya muda mrefu, machozi yakimlenga. Akasema, "Mwanangu, niliogopa utateseka kama mimi. Kazi hizi sizijui. Twende tukaulize."

Tukaenda. Tulifika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kiboko. Tukafika Kalamba, kwenye kiwanda cha maembe cha kaunti kilichofunguliwa 2017. Huko tukampata afisa aliyetueleza habari za nzi wa matunda, ambaye kwa sababu yake Kenya ilisitisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 na kuanza tena 2021. Baba aliuliza maswali mengi, maana ameokota maembe yenye funza miaka na miaka. Moja lilihusu mitego ya nzi, na kabla afisa hajajibu, nikajikuta nalijibu mimi. Tulikuwa tumefundishwa darasani. Baba akanitazama. Akamwambia yule afisa, "Huyu ni binti yangu. Anasomea haya."

Tangu hapo nilianza kuuliza bila woga. Niliandika barua, nikapata nafasi, nikamaliza masomo. Leo nawafundisha wakulima wa maembe kutega nzi hao, na mkulima msumbufu kuliko wote ni Baba, kwa maswali. Simu ikilia usiku moyo bado unanishtuka. Lakini ya nyumbani naipokea.

Mzazi unayesoma haya, mtoto wako hahitaji uzijue kazi zote za dunia hii. Mwulize anasomea nini, umsikilize mpaka amalize. Fuatana naye kwa fundi, kwa afisa, kwa jirani aliyeajiriwa. Akikuona huoni haya kuuliza, naye atathubutu.

Nawe mwanafunzi, kama usiku umekuwa mrefu, mwamshe mtu sasa hivi. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi sikuwa nayo, na Mungu alinitumia watu hata hivyo. Nawaombea wewe na wazazi wako mfike siku ya kukaa pamoja na kuulizana.