Kremu niliyoificha chini ya vitenge

Wamama wenzangu, jambo ninalosimulia lilinipa haya nyumbani mwangu, hapa Bukavu. Labda litamsaidia mmoja wetu.

Binti yangu ana miaka 14. Mwaka huu chunusi zilimjaa kwenye paji la uso na mashavuni. Mimi nikamwambia tu, "Nawa vizuri!" kana kwamba ni uchafu. Maskini, akawa anajisugua mara tano kwa siku kwa sabuni ya kufulia, na chunusi zikazidi. Jumapili akakataa kwenda kuimba kanisani na wenzake.

Baadaye niliona mashavu yake yameanza kung'aa na chunusi zimepungua. Nikafurahi bila kuuliza. Kisha zikarudi, nyingi, ndogondogo, nyekundu. Uso ukawa unamwasha hata asiweze kukaribia mbabula.

"Mama, umepaka nini?" nilimuuliza.

Akainamisha kichwa. "Ni ile yako, ya chini ya vitenge."

Nilikosa jibu. Kremu ile niliinunua sokoni Kadutu, haina hata jina la aliyeitengeneza. Miaka miwili nilijipaka usiku nikidhani hakuna anayeona. Mtoto hakujifunza barabarani, alijifunza kwangu.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi hakutugombeza. Alisema chunusi za ujana zinaletwa na homoni: ngozi inatoa mafuta mengi, vitundu vyake vinaziba. Si uchafu, wala si alama ya tabia mbaya. Lakini kremu nyingi za kuchubua zina hidrokinoni, zebaki au kortizoni kali. Kortizoni inatuliza ngozi siku chache, kisha inaifanya kuwa nyembamba na kuleta chunusi mpya. Zebaki inaingia mwilini, inaharibu figo, na ni hatari kwa mwenye mimba.

Alichotuagiza hakikuhitaji pesa nyingi. Kunawa uso asubuhi na jioni, kwa vidole, kwa maji safi na sabuni laini isiyo na harufu kali. Siku maji yanapokosekana, kikombe kimoja kutoka kwenye bidoni kinatosha. Kutofinya chunusi, maana zinaacha makovu. Vazelini na mafuta mazito yabaki miguuni, yasipande usoni. Ndimu na dawa ya meno zibaki kwenye kazi yake.

Uso ulipotulia, alimruhusu peroksidi ya benzoili ya famasi, ile ya asilimia 2.5, kidogo tu usiku. Alituonya kwamba inatoa rangi kwenye taulo na foronya, na kwamba matokeo yanaweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Chunusi zikiwa kubwa, zenye maumivu au zinazoacha makovu, mtoto apelekwe kwa daktari.

Kisha akatazama vidole vyangu, vyeusi kwenye viungo. "Na wewe, mama?"

Mbele ya binti yangu nikasema yote. Aliniambia nisiache ghafla baada ya miaka miwili, bali nimwone daktari anisaidie kupunguza polepole. Nilimwona.

Sasa ni miezi mitatu. Chunusi za binti yangu hazijaisha, ila zimepungua, na Jumapili iliyopita aliimba. Mimi, uso wangu umerudia rangi yake mahali pengine na pengine bado. Majirani wananiuliza kama naumwa. Nawajibu kwamba napona. Jioni tunanawa pamoja, mimi na yeye, na chini ya vitenge hakuna kitu.

Wamama, kabla ya kumuuliza mtoto anapaka nini, tuangalie kwanza tunachoficha sisi. Katika mkutano wetu ujao, kila mmoja alete kremu ya nyumbani kwake tusome pamoja kilichoandikwa. Mimi nitakuwa wa kwanza kuweka yangu mezani.