Mtungi Wenye Mikono Mitatu

Mama mpenzi, ukibahatika kufika London, ingia British Museum uulizie mitungi ya maji ya Wagiriki wa kale. Wenyewe waliuita mtungi huo hydria, jina litokanalo na neno lao la maji. Baadhi ya mitungi hiyo ilifinyangwa Athens yapata mwaka 510 kabla ya Kristo, ikaja kufukuliwa Vulci, Italia.

Utautambua kwa mikono yake mitatu: miwili ya ubavuni ya kuuinulia, na mmoja wa nyuma wa kumiminia.

Tazama na picha zilizochorwa juu yake. Wanawake wamekuja kuteka maji yanayotoka katika vinywa vya simba vilivyochongwa ukutani. Anayekwenda ameulaza mtungi mtupu kichwani; anayerudi ameusimamisha, kwa kuwa umejaa. Wanapopishana, huzungumza.

Katika Injili ya Yohana iliyoandikwa kwa Kigiriki, mtungi ambao mwanamke Msamaria aliuacha kisimani unaitwa kwa jina hilohilo, hydria. Kazi ilikuwa ileile, na mbebaji yuleyule.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo macho yangu huenda kwenye shingo. Lita 20 za maji ni kilo 20, kabla hujapima chombo. Mzigo huo wa kila siku huumiza shingo na mgongo.

Mitungi ile sasa imepumzika. Je, wewe? Mwanao wa kiume naye ana mabega. Mfundishe kuteka maji tangu akiwa mdogo, kwa chombo kinachomfaa.