Sekunde saba juu ya skuta

Wengi mnaniuliza maisha ya Tainan, huku kusini mwa Taiwan, yakoje. Jibu langu ni neno moja tu: skuta. Nchi ina watu kama milioni 23, na pikipiki zilizosajiliwa, nyingi zikiwa skuta, zinazidi milioni 14. Wenzetu wa Taipei wana treni za chini ya ardhi. Sisi wa Tainan basi likikuacha, umeachwa kweli. Bila skuta unakuwa mfungwa wa chumba chako.

Sasa mwenzenu nimekulia Dar, tunakopita kushoto. Huku ni kulia. Wiki za mwanzo kila nikitoka getini nilikuwa najisemea kwa sauti, "kulia, kulia," nadhani majirani walifikiri nasoma dua.

Halafu kuna kukata kushoto. Kwenye makutano mengi makubwa skuta hairuhusiwi kukata moja kwa moja. Unavuka kwanza, unasimama ndani ya kisanduku kilichochorwa barabarani upande wa pili, unaigeuza skuta ielekee unakokwenda, kisha unasubiri taa ya huko iwake kijani. Na taa ikiwa nyekundu, hata kukata kulia ni marufuku. Kwa mtu aliyezoea bodaboda zinazopenya popote penye upenyo, hii ni shule.

Kuhusu leseni, jamani! Mtihani wa maandishi unatakiwa upate alama 85. Ukishapita huo, unapelekwa kwenye kinjia chembamba chenye urefu wa mita 15. Utakipita bila mguu kugusa chini, na usitumie chini ya sekunde 7. Dar dereva anasifiwa kwa kuwahi. Huku unafaulu kwa kuchelewa. Nimeendesha pikipiki tangu chuo, lakini zile sekunde saba zilinitoa jasho kuliko mtihani wowote wa Mlimani.

Miezi miwili iliyopita, mvua ikinyesha, mtu mmoja alifungua mlango wa gari lake lililoegeshwa, bila kuangalia nyuma. Niliruka, nikatua kwa bega na kichwa. Helmeti ilipasuka. Kichwa kizima. Huku helmeti ni lazima kisheria tangu mwaka 1997, hata anayekwenda kununua mkate kona ya pili anaivaa, na abiria wake pia.

Nilipompigia mama, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Baba, uza hicho kidude." Sikumlaumu. Mwaka 2014 tulimzika binamu yangu, abiria wa bodaboda, kichwa wazi. Helmeti ya abiria ilikuwepo, imetundikwa kwenye usukani. Aliikataa kwa sababu ya jasho la waliomtangulia, kama ambavyo wengi wetu tunaikataa mpaka leo.

Skuta sijaiuza, maana bila hiyo masomo yatanishinda. Ila tumekubaliana na mama: kila nikifika chumbani usiku namtumia ujumbe wa neno moja, "nimefika", ndipo analala.

Nyie wadau mnaopanda boda kila siku kwenda kazini, helmeti ya abiria inauzwa dukani, na ukiwa na ya kwako jasho ni la kwako mwenyewe. Kwa nini hatubebi za kwetu, kama tunavyobeba miamvuli? Nasubiri majibu.