Masufuria Manne na Sheria ya Dola 20

Ukitoka kisiwani kwa Makupa kuelekea Changamwe, utapita mahali penye nyasi na miti michanga ambapo jioni watu hupiga picha. Chini ya nyasi hizo kuna jaa. Kwa miaka na miaka Kibarani ndiyo iliyompokea kila anayeingia Mombasa kwa barabara ya Nairobi: moshi, kunguru, na harufu ya kukufanya ufunge dirisha la matatu hata kama joto limekuzidi. Kuanzia 2018 serikali ya kaunti ikalifunga jaa, taka zikapelekwa Mwakirunge kule Kisauni, udongo ukamwagwa juu. Kisha 2022 likaja Daraja jipya la Makupa, mahali pa ile barabara ya kale ya kujaza iliyozuia maji ya bahari kupita kati ya Tudor na Port Reitz. Sasa maji yanapita. Pamependeza, sikatai.

Mimi nakaa hapo Kibarani, chumba cha futi kumi kwa kumi, ukuta mmoja mabati. Nasema hivyo kwa sababu mada yangu ni vitu, na huwezi kuzungumza juu ya vitu bila kusema unaviweka wapi.

Jirani yangu wa mlango wa tatu amelea watoto watatu kwa lile jaa. Hadi leo hupanda matatu kwenda Mwakirunge na gunia lake. Chini ya kitanda chake kuna chupa za plastiki zilizobanwa, nyaya, feni isiyo na panga, vifuniko vya sufuria zisizojulikana ziko wapi. Ukipiga picha kile chumba ukakiweka Instagram, watu watakwambia mama anahitaji msaada wa daktari. Kwake ni benki. Kila kitu kina mnunuzi wake na bei yake ya kilo, ni kungoja siku. Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu kuharibu nguzo na nyaya za umeme, chuma chake kilikaa uvunguni miezi kadhaa mpaka marufuku yakaondolewa. Hakutupa hata msumari. Nilipomuuliza mbona asipunguze akapata pa kupumulia, alicheka. Atupe wapi, na jaa lishafungwa?

Sasa, kwenye simu yangu mambo ni mengine. Kwa muda mrefu nimefuatilia minimalizimu, ile falsafa ya kuishi na vichache: kuta nyeupe, godoro chini, shati tano za rangi moja. Siidharau. Nimehama mara nne tangu niache chuo, na mara zote mkokoteni mmoja ulitosha, na hamali aliniuliza kama nina uhakika hicho ndicho kila kitu. Kuna raha fulani katika swali hilo. Kuna na aibu kidogo.

Lakini kuna sheria moja yao ambayo sijaweza kuimeza. Wamarekani wawili, Joshua Fields Millburn na Ryan Nicodemus, wanaojiita The Minimalists, wanafundisha hivi: kitu unachokiweka eti kitakufaa siku moja, kitoe, mradi kununua kingine hakutazidi dola 20 wala dakika 20 kutoka ulipo. Dakika 20 sina neno, Kibarani maduka yako mlangoni. Dola 20 ni kama shilingi 2,600. Mtaani kwetu hiyo ni kodi ya mwezi na chenji ya maji. Ili utumie sheria ile lazima uwe na 2,600 ambayo haijapangiwa kazi, na uwe nayo siku yoyote kitu kitakapohitajika, hata tarehe 27. Mwenye hizo anaweza kutupa pasi, mwavuli na jiko la mkaa akalala usingizi mnono. Jirani yangu hawezi, na hakuna dokumentari itakayombadilisha.

Marie Kondo naye, yule Mjapani aliyevuma Netflix Januari 2019, ana kipimo chake: shika kitu mkononi, kama hakikupi furaha, kishukuru ukiage. Watu walishukuru na kuaga kwelikweli. Mahali ambapo nguo nyingi za namna hiyo huishia tunapajua sisi, kwa sababu malori yanayozibeba kutoka bandari ya Kilindini hutupita hapa barabarani. Kenya iliingiza tani kama 185,000 za mitumba mwaka 2019. Nenda Kongowea asubuhi robota linapokatwa kamba uone mbio zake: shati ambalo halikumfurahisha mtu huko Uingereza linavutwa na wanawake wawili hapa, kila mmoja na mkono wake. Kabati la mtu limekuwa tupu, dunia bado imejaa vilevile. (Kondo mwenyewe, mwaka 2023, baada ya mtoto wa tatu, alikiri kwamba nyumba yake sasa ina fujo na amelegeza kamba. Nilimpenda zaidi siku hiyo.)

Haya yote yangebaki maneno ya simu kama nyanya asingefariki mwaka jana.

Nyanya aliishi Mji wa Kale, katika nyumba aliyopanga tangu mamangu hajazaliwa. Baada ya hitima, mwenye nyumba alitupatia hadi mwisho wa mwezi. Tukabaki na vitu. Sahani za kaure zilizopangwa kwenye zidaka, vile vijumba vya ukutani ambavyo nyumba za mawe za Waswahili huwa navyo. Mikeka. Mashine ya kushona. Sanduku la leso, doti baada ya doti, nyingine hazijakatwa wala kupindwa, rangi yake ya dukani. Na masufuria manne makubwa ya aluminiamu, lile kubwa kabisa mtoto wa miaka mitano anaweza kuoga ndani, na aliwahi kuoga, ni mimi.

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, alikuwa amekuja kutoka Doha kwa msiba. Yeye ndiye minimalisti wa kweli katika ukoo wetu ingawa hajui neno hilo. Huko analala chumba kimoja na wenzake watano, na kila alichonacho kinaingia kwenye sanduku moja, kwa sababu mkataba ukikatika hana siku nyingi za kupanga. "Mimi maisha yangu ni kilo thelathini," alisema, amesimama katikati ya sebule ya nyanya. "Hivi vyote vya nini? Toeni sadaka, uzeni, mpumue." Hakuwa na ubaya. Aliniambia usiku ule kwamba mwanzo alilia kuacha vitu vyake, kisha akazoea, kisha akapenda, na sasa akiingia nyumba iliyojaa vitu anahisi kifua kinambana. Namwamini. Uchache wake ulipimwa na mizani ya uwanja wa ndege, lakini wepesi anaousikia ni wake mwenyewe. Kwa hiyo wanaosema maisha ya vichache ni mchezo wa matajiri tu, dada yangu hajachezea chochote.

Mjomba alikubaliana naye haraka mno. Aluminiamu ina bei, akasema, na akaanza kuyapanga masufuria karibu na mlango.

Hapo ndipo wanawake wa mtaa walipokuja. Watatu, na mabuibui yao, wakakaa barazani bila kuitwa. Mkubwa wao, anayemfahamu nyanya tangu usichana, akamwamkia mama kwa upole, akauliza habari za siku zile, akanywa kahawa, ndipo akasema: "Masufuria hayo msiyauze, mwanangu. Mwezi ujao kuna harusi hapo nyuma. Twapikia nini?"

Mjomba akajaribu kueleza kwamba ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu ina warithi. Yule bibi akamsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba anaijua sheria ya mirathi kumliko. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole harusi, hitima na maulidi ambazo masufuria yale yalipikia pilau. Alipofika vidole vya mkono wa pili mjomba akarudisha sufuria la kwanza ndani.

Nimelifikiria sana jambo lile. Nyumba nyingi za mtaa wa nyanya hazina sufuria kubwa. Ukiingia utasema hawa watu wana vitu vichache, wamekinai. Wamekinai kweli, lakini kwa sababu sufuria lipo kwa jirani. Wale wa kuta nyeupe nao wanalo la kwao: duka lililo dakika 20, lenye kila kitu, linalowatunzia vitu hadi watakapovihitaji. Tofauti ni kwamba duka halikuulizi habari za mamako. Wazee wetu walikuwa na neno zuhudi kwa mtu anayeiacha dunia mkononi isimwingie moyoni, na sijawahi kusikia zuhudi ya mtu akimnyima jirani sufuria kwa kuwa nafasi imembana.

Tulivyogawa mwishowe haikuwa nadhifu. Sahani za kaure alichukua mama, mbili zikavunjika njiani. Mashine ikaenda kwa binamu anayeshona. Leso nyingi ziligawiwa wanawake waliomwosha nyanya na waliokuja kupika, na dada yangu, yule wa kilo thelathini, alichukua doti moja, akatoa viatu kwenye sanduku ipate nafasi. Masufuria matatu yalibaki Mji wa Kale, kwa yule bibi mkubwa.

La nne nililo nalo mimi. Linachukua robo ya sakafu yangu. Mchana naliwekea vitabu na nguo, usiku laptopu inakaa juu ya kifuniko chake. Mgeni akija hana pa kunyoosha miguu. Nimejaribu kuliandikia sababu za kifalsafa na sijapata hata moja inayoshinda ukweli kwamba lilikuwa la nyanya na niliogea humo.

Jumatano jirani yangu wa mlango wa tatu aliliona mara ya kwanza. Akaingia bila hodi ya pili, akaliinua kwa mkono mmoja kama anavyoinua kila kitu.

"Kilo sita na kitu," akasema.

Nikamwambia siuzi.

"Nani kasema wauza? Jumamosi mwanangu wa kwanza analetewa posa. Liko wazi?"