Ilishe vumbi kwanza

Wiki mbili nimekuwa nikirekebisha programu ya kuandika madeni niliyomtengenezea mama mmoja mwenye duka hapa Kimbo. Kwangu ilipita kila jaribio. Dukani stima ilipotea ikiwa katikati ya kuhifadhi, na madeni ya mwezi mzima yakafutika. Mama akazunguka mlango kwa mlango akiuliza nani anadaiwa nini. Niliona aibu.

Nilipofungua kompyuta yake nikakuta vumbi jekundu tele, nikakumbuka injini za ndege. LEAP-1A ya kampuni ya CFM, inayobeba Airbus A320neo, iliingia kazini mwaka 2016. Kabla ya kuidhinishwa, injini kama hiyo humezeshwa maji, mvua ya mawe na hata mizoga ya ndege. Lakini kwenye nchi za joto na vumbi, mapanga yake yanayozungushwa na gesi ya moto yalichoka mapema. Vumbi huyeyuka, hugandia mapanga na kuziba vitundu vinavyopitisha hewa ya kuyapoza.

Wahandisi wakaamua kuilisha injini vumbi kwenye majaribio, ichakae kama inavyochakaa kazini. Panga jipya likaidhinishwa Desemba 2024.

Nami sasa kila deni linahifadhiwa papo hapo, na ninapojaribu nachomoa waya wa stima makusudi, tena na tena. Mama amekubali kuirudia programu, ila daftari lake bado liko kaunta. Simlaumu.