Maji Magumu

Nilikulia Mbinga, penye vijito vya milima ya Umatengo. Likizo tulishuka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huko sabuni ilitoa povu upesi, na birika la mama halikushika ukoko. Nilipohamia Unguja, ambako maji ya visima hupita katika mawe ya matumbawe, birika langu la umeme lilijaa chokaa, likachelewa kuchemka, hatimaye likaungua.

“Maji magumu hayo, mwanangu,” jirani akanambia. “Birika huoshwa kwa siki.”

Nilicheka: kimiminika kina ugumu gani? Sasa naelewa. Maji hubeba kimyakimya mawe yalimopita; moto ndio huyadhihirisha. Mama alipofariki, nililia kwa Kimatengo nilichodhani nimekwisha kukisahau.