Kle Yenye Kipimo

Katika garaji za pembeni ya barabara ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, nilikojifunzia kazi, kukaza gurudumu kulikuwa kazi ya mwenye mwili. Gari lenye mzigo wa kutoka Kasindi mpakani likipasua tairi hapa Kalunguta, tulilipandisha kwa kriki, tukabadilisha gurudumu, kisha akaitwa kijana mzito kuliko wote. Alirefusha mkono wa kle, yaani spana, kwa bomba la chuma, akasimama juu yake na kurukaruka. Mzee wetu alikuwa na agizo moja: "Kaza mpaka nati ilie." Ikilia, dereva aliridhika na kuondoka.

Kukaza vile kulitoka moyoni. Gurudumu likichomoka kwenye Fuso iliyobeba magunia, na watu juu ya magunia, ni msiba wa vijiji kadhaa. Tena hii ni njia ambayo dereva hataki kusimama mahali asipopachagua, hasa jioni. Tulikaza kwa kuwapenda waliokuwa safarini.

Lakini hesabu inasema hivi. Nati za Toyota Corolla zinataka nyutoni mita 103, yaani kama uzito wa kilo kumi na nusu uliotundikwa mwisho wa fimbo ya mita moja. Mtu wa kilo 70 akisimama tu kwenye ncha ya bomba la urefu huo, amekwisha kufika karibu 690. Hajaruka bado.

Mabadiliko yaliletwa na Ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na eneo la afya la Kalunguta likawa miongoni mwa yaliyoguswa, mpaka ulipotangazwa kwisha Juni 2020. Katika miezi hiyo ya vilio barabara ilijaa Land Cruiser za timu za kupambana na ugonjwa huo, na vijana wa kwetu wakaajiriwa kuziendesha. Mmoja wao alikuja garajini na kle ambayo hatukuwa tumeitumia: ndefu, yenye namba kwenye mshikio. Akaiweka kwenye 209, namba ya ringi za chuma za gari lile, akavuta taratibu. Ikasema tak. Akaacha.

"Ni hiyo tu?" mzee akauliza.

"Ni hiyo tu, Papa. Imetimia."

Mzee alinyamaza, kisha akaomba aonyeshwe tena.

Boliti ikikazwa huvutika kidogo kama mpira, na ule mvuto wa kutaka kurudi ndio unaobana ringi kwenye habu. Ikivutwa kupita kiasi hairudi tena: hulegea, au hukatika siku nyingine kwenye mteremko, wakati aliyeikaza amekwisha kusahau. Siku hizi tunaanza na brashi ya waya, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukibaki kati ya ringi na habu utasagika njiani na kuacha nafasi. Oili kwenye nyuzi za boliti hatupaki. Ikipakwa, nati huteleza, na namba ileile ya kipimo huvuta boliti zaidi ya inavyostahili. Tunakaza kwa kupishanisha, nati hii kisha ile ya upande wa pili, ili ringi ikae sawasawa.

Ninalolithamini kuliko yote ni kukagua tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Butembo na Beni zimetengana kwa kilomita hamsini na kitu, hivyo barabara yenyewe imetupimia: gurudumu lililofungwa Butembo hukaguliwa Beni kabla ya mzigo kushushwa. Madereva wengi sasa wanaomba wenyewe. Na kle ikirudi sandukuni, springi yake hulegezwa hadi namba ya chini. Kufungulia nati kwayo ni marufuku.

Malori ndiyo yaliyobaki. Fuso nyingi za zamani zina nyuzi za kushoto kwenye magurudumu ya kushoto, na kijana asiyetazama herufi L kwenye boliti hukaza akidhani anafungua. Magurudumu ya malori makubwa mara nyingi hutaka karibu 600, na kle tuliyo nayo haifiki huko, kwa hiyo bomba bado linatoka. Nimewaomba wenye garaji kutoka Maboya hadi hapa tuchangie kle moja kubwa, izunguke kwetu sote. Wawili wamekubali, na mmoja anauliza itakaa kwa nani.